Ampli Chini ya Shuka

Ndani ya nyumba ile tulikuwa hawa. Mama yangu Katungu, aliyekuwa amefiwa na mume. Mimi Masika, mutoto wake wa kwanza. Muhindo, mudogo wangu, ambaye alikuwa hajajua bado kufunga vifungo vya shati. Papa mukubwa Paluku, kaka wa papa, aliyeshuka kutoka Butembo juu ya lori la viazi siku ya mazishi. Papa mudogo Kasereka, wa mwisho kwao, kijana asiye na muke. Shangazi Kavira, dada yao, mujane wa zamani, ambaye mukeka wake ulitandikwa katika chumba cha mbele, kati ya ukuta na mulango. Upande wa pili wa ua wa mawe alikuwa jirani yetu Mama Nyiramana, mutu wa Masisi, mwenye ng'ombe wawili na sauti ya kutosha ng'ombe kumi. Papa yangu Kambale hakuwa tena nasi, lakini namuhesabu, maana ampli, lile sanduku la kukuza sauti ya muziki, ilikuwa yake, na bila ampli hakuna hata moja katika haya lingetokea.

Mimi sikusoma sana, niliishia primeri ya pili, na sababu yake iko humu humu. Lakini jina la mutu likiingia kwangu halitoki.

Kilichonirudisha kule ni harufu iliyokosekana. Magoti yamenifanya mutu wa kiti siku hizi. Natoka chumbani mpaka barazani, kutoka barazani mpaka chumbani, na Neema mujukuu wangu aliona kwamba simu ninayosikilizia muziki inalia mufano wa nzi ndani ya kopo. Akasema, "Koko, tutakutafutia ampli ya numeriki. Ile ya kisasa. Bafle za zamani za marehemu Tate bado nzima." Tate ni mume wangu, na bafle ni zile spika zake. Basi wakanipakia katika gari, wakanipeleka dukani, na mimi nikasema wazi: kama ni masikio yangu, nitachagua mimi.

Muuzaji alikuwa kijana wa kuchekacheka. Alituwekea mbili mezani. Ya kwanza kubwa, ina taa za rangi mbele, na nyuma wameandika nguvu ambayo ingetosha uwanja wa mupira. Ya pili ilikuwa ndogo kuliko mukate, nyeusi, haina urembo, ina kifungo kimoja tu cha kuzungusha. Akaipigisha ile kubwa mpaka vioo vya duka vikatetemeka, akaniangalia aone kama nimefurahi.

"Shusha," nikamwambia.

"Mama, watu wote wanaoingia hapa wanasema pandisha."

"Shusha tu, mwanangu. Na unisaidie nitoke inje."

Nikakaa kwenye ngazi, ukuta ukiwa kati yangu na sanduku. Nikamuomba ashushe tena, halafu ashushe mpaka Neema aliye ndani aseme hasikii vizuri. Sauti ya ile kubwa ikageuka kuvuma, na mwimbaji akawa anamung'unya. Tukabadilisha. Ile ndogo, kwa sauti ile ile ya chini, ilinipitishia maneno yote ukutani, hata pumzi ya mwimbaji kabla ya kuanza mustari. Nikasema ni hii.

Muuzaji akasimama mulangoni, mikono kiunoni. "Koko, ulifanya kazi ya radio wewe?"

"Nilifanya kazi ya kusikiliza ukutani."

Alicheka. Hakujua nimesema kweli tupu. Alitufungia, akatueleza kwamba hii haina lampi ndani, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka, inakata umeme vipande vidogo haraka sana, ndiyo sababu haipati joto na haili batri ya jua wakati umeme wa mutaa unapokatika. Akamwambia Neema asome namba iliyo nyuma ya bafle zetu kwanza, asije akaunga kitu kisichopatana. Neema alifanya vizuri. Waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, kifungo chini kabisa, halafu ndiyo akatia fishi ya waya wa umeme kwenye prizi ya ukutani. Mimi nikakaa kwenye kiti changu na mikono magotini.

"Koko, unangoja nini? Imeshawaka. Chagua wimbo."

Hapo nikagundua kwamba nilikuwa ninangoja itoe harufu. Nikaweka kiganja juu ya sanduku. Baridi. Na machozi yakaja, Neema akadhani nimekasirika na mashini.

Ampli ya papa ilikuwa ya lampi. Ukiiwasha haikusema neno kwanza. Ilikaa, lampi zikaanza kuona haya, zikawa nyekundu polepole, halafu harufu ikapanda: vumbi linaloungua, rangi ya mbao, na kitu kinachofanana na karanga zinazokaangwa nyumba ya mbali. Papa alikuwa anaandika mizigo ya mashua kwenye bandari, mikono yake haikuwa na haraka. Alingoja harufu, ndipo akashusha sindano juu ya diski, katika gramafoni iliyoungwa nayo. Kwangu mimi mutoto, harufu ile ndiyo ilikuwa muziki, na wimbo ni kitu kilichofuata nyuma.

Nilikuwepo siku alipoichagua. Muzungu mumoja wa mutaa wa Himbi alikuwa anahama, ametoa vitu barazani aviuze, na ampli zilikuwa tatu. Watu walizunguka ile yenye chuma kinachong'aa. Papa akanituma nyuma ya nyumba, kwenye maua, ukuta kati yetu, akaomba kila moja ipigwe kidogo kidogo. "Masika, anasema nini huyo?" aliita. Kama niliweza kurudisha maneno, hata ya lugha nisiyoijua, alitingisha kichwa. Alichukua ile ambayo sauti yake ndogo ilibaki na maneno. Alisema njiani, akiwa ameibeba ndani ya koti lake, kwamba kupiga kelele sanduku lolote linaweza. Na tangu siku ile ikawa muchezo wetu: yeye ndani, mimi nyuma ya ukuta.

Halafu homa ikamuchukua, upesi, hata dawa aliyoletewa ilibaki imejaa.

Sasa, kwa jamaa yetu matanga yalikuwa hivi. Mujane anakaa ndani. Hapiti mulango wa ua, hanyoi nywele, haoshi nguo nyeusi aliyovaa siku ya mazishi, na hakuna anayemupa mukono; wanaokuja wanamusalimia kwa kukunja mikono kifuani. Nyumba nayo inanyamaza. Wengine walipindua ngoma. Sisi tulikuwa na ampli, basi Papa mukubwa Paluku alivua shuka kwenye kitanda cha papa, akaifunika, akafunga ncha zake kwa chini, akaivuta fishi ikatoka ukutani kwa mukono wake mwenyewe. Siku ya kuondoa matanga sauti inarudi ndani ya nyumba, majirani wanasikia, wanakuja, wanamupa mujane mukono. Ukishapewa mukono, imekwisha. Kurudisha matanga yaliyoondoka ni kuita mufu mwingine katika nyumba ile ile, na sikuona mutu wa jamaa yetu aliyethubutu.

Tuliketi. Madirisha yalifungwa mbao muchana kutwa, jua likaingia kwa mistari, likatembea sakafuni, likapanda ukuta, likatoka. Nilijua saa kwa tarumbeta ya askari wa kambi ya Katindo. Upepo wa ziwa ukigeuka ulileta harufu ya samaki wa soko la Kituku, na mama alikuwa anafunga macho, maana pale ndipo alipokuwa na nafasi yake, kati ya wanawake wenzake, akikaanga na kuuza. Zamani alikuwa ananuka mafuta na samaki, na mimi nilikuwa ninanuna anaponikumbatia. Sasa alinuka nguo tu. Shule nayo iliendelea bila mimi. Mutoto wa kwanza hakutakiwa kumuacha mama yake peke yake ndani. Nilisikia wenzangu wakipita wakiimba hesabu, sauti zikienda, zikienda, mpaka kona.

"Masika, toka dirishani," Shangazi Kavira alisema. "Wewe si pazia."

Alikuwa mukali, huyo. Alilala pale pale karibu na mulango ili mutu asitoke bila kumuruka. Mama akiomba maji ya kuoga zaidi ya beseni moja, Shangazi alisema, "Mimi nilikaa mpaka mukeka ukaoza chini yangu. Nani aliniletea beseni la pili?" Na mama alioga kwa lile moja. Nilimuchukia Shangazi kwa moyo wote, alivyokoroma, alivyonyonya meno, alivyojua wapi kila mutu amekaa hata akiwa amegeukia ukuta.

Matanga ya jirani mwingine yalianza baada ya yetu, yakaondoka. Maharagwe ya Mama Nyiramana yalipandwa, yakaota, yakavunwa, akatuletea. Sisi bado. Nikawa ninajiuliza kwa nini, na jibu nililipata kwa ile kazi papa aliyonifundisha.

Papa mukubwa na Papa mudogo walikuwa wanaongea katika chumba cha nyuma, sauti chini. Nikakaa upande wangu wa ukuta.

"Siku sanduku litaimba, atatoka," Papa mukubwa alisema. "Na sanduku haliimbi mpaka akubali uwe mume wake. Hataki, arudi kwao peke yake. Watoto na nyumba ni vya Kambale, ni vyetu."

"Kaka, lakini mimi sijasema ninamutaka. Ni muke wa kaka yangu. Alinipa chakula nikiwa mudogo."

"Nani alikuuliza?"

Mutu mukubwa angeelewa pale pale kwamba mulango wetu ulikuwa umefungwa na Papa mukubwa. Mimi nilielewa kitu kingine. Nilielewa kwamba ni sanduku lililomushika mama. Siku litaimba, atatoka. Kwangu hiyo ilikuwa sawa na kusema ufunguo ukizunguka, kufuli litafunguka. Nikaanza kuliogopa na kulihurumia pamoja. Nilipita karibu na shuka, nikatega sikio. Nilidhani ukimya wa nyumba unatoka mule, unamwagika chini ya shuka ile, unatufikia miguuni, na kwamba lampi zimeganda kwa kukosa mutu wa kuzingoja. Usiku nilimuombea papa, halafu nikaliombea sanduku lipate joto.

Mama naye alikuwa anapungua. Papa mukubwa alimuuliza kila jioni, kwa upole wa mutu anayejua kwamba siku ni zake, "Katungu, umefikiri?" Na mama akasema, "Ninafikiri bado, Papa Paluku." Jioni moja alichelewa kujibu. Alinitazama mimi na Muhindo, akafungua kinywa, akafunga. Nikajua hatafika mbali.

Kulipokucha ilikuwa siku ya Misa. Wanaume walivaa, wakaenda. Sisi tulibaki, mama na mimi tukichagua maharagwe, Muhindo akicheza na yaliyotoboka, Shangazi kwenye mukeka wake.

"Masika," mama akasema, macho kwenye ungo, "papa yako alikuwa anangoja nini kabla ya kuweka sindano?"

"Harufu, mama."

"Harufu ya nini?"

"Ya karanga."

Akacheka kidogo puani. Sikuwa nimesikia hiyo tangu mazishi.

"Matanga hayana hadithi," Shangazi akasema bila kugeuka. "Chagueni maharagwe." Muda kidogo akaanza kukoroma.

Mama aliingia chumbani na Muhindo. Nikabaki na ungo, na mukoromo, na shuka ile nyeupe pembeni. Nilisimama. Nilikuwa nafikiria tu kwamba mama anamalizika na kwamba mimi ninajua namna ya kulipasha joto. Mafundo ya Papa mukubwa yalikuwa magumu, nikatumia meno. Shuka ikaanguka. Nikaangalia waya za bafle, zipo. Kifungo cha sauti nikakirudisha chini kabisa, papa alivyonikataza kusahau. Nikafuata waya wa umeme kwa macho ili nikatie fishi, na fishi ilikuwa tayari ndani ya prizi. Mutoto hajiulizi. Nikawasha.

Ilikaa kimya muda murefu hivi kwamba nilidhani imekufa na papa. Halafu nyekundu ndogo, moja, nyingine. Halafu ikapanda ile harufu, na kwa dakika ile papa alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilipogeuka alikuwa ni mama, mulangoni mwa chumba, ameshika Muhindo, na harage moja kwenye vidole vyake. Nikashusha sindano.

Ilikuwa diski ya magitaa, ile ya mwisho papa aliyoiacha pale juu, mume anamubembeleza mukewe amufungulie. Papa hakuzungusha kifungo kupita nusu siku yoyote. Mimi nilizungusha mpaka kikakataa.

Shangazi Kavira aliketi. Nikangoja kofi. Alinitazama, akamutazama mama, akajifunga kitambaa chake vizuri kichwani. "Bon, mumeshafanya," akasema. "Sasa fungueni dirisha, sauti inanipasua kichwa."

Mama akaondoa mbao. Mwanga ukaingia wote kwa pamoja, na wimbo ukatoka, na watu walikuwa ndiyo wanarudi kutoka Misa. Wa kwanza ni Mama Nyiramana, ambaye alikuwa anawahi ng'ombe wake. Alipita nyumbani kwake kwanza, akaja na chungu cha maziwa, akaongea tangu mulango wa ua.

"Kumbe ni leo! Na mimi niko kanisani ninawaombea, kumbe Mungu alikwisha kuja huku, ameniacha pale na padri." Akaweka chungu chini, akanyoosha mukono. "Katungu, lete mukono wako."

Mama aliutazama ule mukono. Akamupa wake. Nyuma ya Mama Nyiramana alikuja Muzee Bahati mushona viatu, na muke wake Esperance, na Mama Kanyere rafiki yake wa Kituku, aliyelia, akamukemea, "Nafasi yako nimeikalia mpaka nimechoka, njoo uichukue." Walimupa mukono mumoja mumoja, ndani ya ua, juani.

Papa mukubwa alipofika na kitabu chake cha nyimbo kwapani, watu walimugeukia kumushukuru. "Paluku, umefanya vizuri," Muzee Bahati alimwambia. "Mwanamuke alikuwa amekauka." Papa mukubwa alitazama mama, akatazama mikono, akatazama kupitia dirisha shuka iliyolala sakafuni. Angesema nini? Kwamba matanga yarudi? Mbele ya watu wote wale, na mudogo wake wa mwisho amesimama pale, awe mufu wa pili?

Ndipo Papa mudogo Kasereka, aliyekuwa nyuma yake, akapita mbele. Kwa mara ya kwanza aliinua uso, nikaona macho yake yote mawili. "Shemeji," akamwambia mama, na kumupa mukono, "pole. Na asante kwa chakula."

Papa mukubwa alibaki peke yake asiyemupa. Aliingia ndani, akasimama mbele yangu. Alisema tu, "Shusha sauti."

Nikashusha. Maneno yalibaki.

Mama hakungoja hata kunyoa. Siku ile ile, na nguo yake nyeusi, na nywele zake za matanga, alitoka mulango wa ua na Mama Kanyere, wakateremka Kituku. Jioni alirudi ananuka mafuta na samaki, na mimi sikununa. Papa mukubwa alipanda lori kurudi Butembo, akachukua baiskeli ya papa na makoti yake. Sanduku aliliacha. Mimi shule sikurudi. Meza ya samaki ilihitaji mikono. Ampli ilituimbia mpaka lampi moja ikaungua na hakukuwa na mutu wa kutupatia nyingine. Miaka mingi niliendelea kuamini kwamba ni yenyewe iliyotufungulia. Nilikuwa tayari muke wa mutu nilipoelewa ni mikono ya watu.

Ile ya numeriki iko hapa karibu na kiti changu sasa. Ni nzuri, sina neno la kuisema vibaya. Ila inanipa nafasi ya kufikiri, kwa vile haingojewi. Na ninachofikiri ni fishi.

Papa mukubwa aliivuta mwenyewe, niliiona ikining'inia. Mutu aliirudisha. Nilipomuuliza mama, uzeeni kwake, alisema, "Nilidhani ni wewe." Muhindo anasema ni mimi kweli, nimesahau tu, akili ya mutoto. Kwenye wale niliowataja mwanzoni tumebaki yeye na mimi, na yeye alikuwa anacheza na maharagwe. Kwa hiyo nawaomba ninyi mulio wa umri wangu, mulioishi mutaa ule, muliokaa na Shangazi Kavira baadaye na kusikia hadithi zake: kama nimekosea jina, nirekebisheni. Kama nilitia fishi mimi mwenyewe, semeni, sitakasirika. Lakini prizi ilikuwa ukutani nyuma ya mugongo wa Shangazi, chini kabisa, na asubuhi ile mukeka wake ulikuwa umesogezwa mbali kidogo na ukuta, upana wa kupitisha mukono mumoja.